Nilionja Peleti za Jiko Kama Chai, Nikavunja Koito ya Binti Yangu

Nimekosa. Wacha niseme hivyo kwanza, kabla hujaanza kunionea huruma. Sitasingizia shetani, sitasingizia pombe wala marafiki wabaya. Ni mimi mwenyewe, mtu mzima na mvi zangu, na huu ulimi wangu.

Naandika bila jina kwa sababu hapa kwetu, upande wa Kericho, jina langu limeshachekwa vya kutosha. Majina ya wengine nimebadilisha. Lakini mambo yenyewe ni ya kweli, na nikiyakumbuka naona aibu mpaka masikio yanapata moto. Nilimharibia binti yangu siku yake ya koito, siku ya kuposwa, kwa sababu ya vidonge vya mbao vya kuwasha jiko. Ndiyo, umesoma vizuri. Vidonge vya mbao!

Wacha nianzie pale uongo ulianzia.

Mimi ni mtu wa upande wa ziwa. Nilikuja huku kwa majani chai nikiwa kijana, nikapata kazi kiwandani, na nikawekwa kwa chumba cha kuonja chai. Hapo sidanganyi. Miaka ishirini na miwili niliingia hicho chumba kila asubuhi na koti jeupe. Lakini kazi yangu ilikuwa kuosha vikombe. Waonjaji walikuwa watu wengine. Wao walipita kwa meza ndefu na kijiko, wanavuta chai kwa kelele, wanaizungusha mdomoni, wanatema kwa kopo, halafu wanasema maneno yao: hii ina bodi, yaani uzito mdomoni, hii haina bodi. Mimi nilikuwa nyuma yao na beseni na kitambaa.

Sasa mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nilikuwa nasema, "Niko chumba cha kuonja." Basi. Watu wanamalizia wenyewe. Na mimi nilikuwa nawaacha wamalizie, kwa sababu ilikuwa inasikika vizuri kuliko ukweli.

Mpaka nikastaafu, nikanunua kashamba kangu, kumbe huku kijijini nimeshakuwa Mzee Mwonjaji. Maziwa ya mtu yakishukiwa yamewekwa maji, yanaletwa kwangu. Asali inaletwa. Mbegu ya mahindi inaletwa. Kuna kijana wa bodaboda aliniletea oili ya injini kwa kifuniko cha chupa. Nikaonja! Haki ya Mungu nilionja, nikatema, nikamwambia, "Hii imechoka. Badilisha." Akabadilisha, pikipiki ikaenda vizuri, na jina langu likapanda hata zaidi.

Mke wangu, Mama Achieng, alijua ukweli. Alikuwa ananiangalia tu nikizungusha vitu mdomoni mbele ya watu. Mara moja moja aliniambia, "Baba Achieng, hii kitu siku moja itakuumbua." Nami nikamwambia aende aangalie chakula kisiungue.

Lakini Achieng, binti yetu wa pekee, hakujua. Achieng alikua akiamini babake ni mwonjaji wa chai. Alikuwa anajivunia hiyo kitu. Na nilikuwa napenda vile alivyokuwa ananiangalia, ndiyo maana sikuweza kumwambia.

Basi, mwaka juzi Achieng akaleta kijana nyumbani. Anaitwa Kiprono, anatoka Kipkelion. Kijana mpole, mrefu, anakusalimia na mikono miwili. Nikamuuliza kazi yake. Akasema ana mashine ya kutengeneza peleti.

"Peleti ni nini?" Hapana, sikuuliza hivyo. Laiti ningeuliza! Nilitingisha kichwa kama mtu aliyezijua tangu zamani, nikasema, "Aah. Peleti."

Ni Mama Achieng aliyeuliza. Kiprono akamweleza polepole kwamba anachukua maranda kwa mafundi wa mbao, ya miti migumu kama blugamu na mikima, anayakausha, na mashine inayakandamiza mpaka yanatoka vidonge vidogo, unene wa penseli. Hivyo vidonge vinachomwa kwa jiko lake maalum, na nyumba inapata joto bila moshi.

Unajua huku kwetu baridi si ya mchezo. Mvua inashuka kila alasiri, wakati mwingine na mawe, na ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda. Magoti ya mke wangu yalikuwa yanamuuma, na moshi wa kuni umemharibu kifua. Achieng alikuwa amemwambia Kiprono hayo yote.

Wiki iliyofuata huyo kijana akaja na zawadi. Jiko la chuma, refu kunifika kiunoni, na bomba la kutoa nje ya ukuta, na feni ndogo ya sola chini yake. Na gunia moja la peleti. Mama Achieng alishika mdomo. Miaka yote hiyo kwa ndoa sijawahi kumnunulia hata soksi za sufu.

Hapo ndipo wivu uliniingia. Nasema ukweli wangu. Nilisikia wivu kwa jiko.

Kiprono akachukua peleti chache mkononi, akaanza kutuonyesha. Alisema, "Mama, hata kama si mimi nimekuuzia, ujue kuchagua. Angalia ngozi yake inang'aa. Vunja moja, isikike tap, isiiname. Angalia chini ya gunia, kusiwe na unga mwingi. Nusa, usikie mbao tu, isinuke gundi wala rangi. Na ukitaka kuhakikisha, weka moja kwa maji. Inazama, halafu inafumuka inarudi kuwa maranda. Hapo unajua haina gundi ndani."

Maelezo mazuri. Mtoto wa nasari angeyaelewa. Lakini mimi nilisikia kitu kimoja tu: huyu kijana anafundisha watu ubora ndani ya nyumba yangu!

"Kijana," nikamwambia, "unajua uko kwa nyumba ya nani?"

"Ndiyo, baba. Achieng aliniambia wewe ulikuwa mwonjaji."

"Basi nyamaza kidogo. Mama Achieng, leta maji ya moto."

"Ya nini?" mke wangu akauliza.

"Nataka kuonja."

"Kuonja nini, Baba Achieng?"

"Peleti!"

Akaenda kuleta maji. Sijui kwa nini hakukataa. Nafikiri alikuwa amechoka na mimi.

Nikapanga vikombe sita kwa meza. Kila kikombe nikaweka peleti tano, nikamwaga maji ya moto, nikafunika na visahani. Nikasubiri dakika sita nikiangalia saa, maana ndivyo nilivyoona wenyewe wakifanya. Kiprono alikuwa amekaa na mikono kwa magoti, hajui aangalie wapi. Achieng alikuwa anatabasamu. Mtoto wangu alikuwa anatabasamu kwa fahari, woi!

Nikafunua. Ndani hakukuwa na peleti tena. Kulikuwa na uji wa maranda.

Nikachukua kijiko, nikavuta kwa kelele, nikazungusha mdomoni. Maranda yakaniingia katikati ya meno. Nikatema kwa sufuria. Nikaenda kikombe cha pili, cha tatu, mpaka cha sita, na kila kimoja kilikuwa na ladha ya kiti cha kanisani. Halafu nikaweka kijiko chini na kutoa hukumu.

"Haina bodi. Haina nguvu. Na imebomoka! Kitu bora hakibomoki kwa maji. Hii ni takataka ya mbao, si mti mgumu."

"Baba," Kiprono akasema kwa adabu, "hiyo kubomoka ndiyo dalili nzuri. Na kwa kweli haionjwi, inachomwa."

Inachomwa! Ati ananiambia mimi inachomwa!

Hapo nikasema neno ambalo, kama ningeweza kulirudisha, ningelirudisha na mikono yote miwili. Watu wake walikuwa waje Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa koito, ile siku watu wa kijana wanakuja kukaa chini na watu wa msichana waelewane. Kwa wenzetu Wakipsigis, bila koito hakuna ndoa ya kuongea. Nami nikamwambia:

"Watu wako waje. Lakini siku hiyo watakaa kwa joto la peleti nitakazochagua mimi. Zangu zikishinda zako, haya maneno ya ndoa tutayaweka kando mpaka ujue kazi yako. Mtu asiyejua mbao atajuaje mke?"

"Baba!" Achieng akapiga kelele. Lile tabasamu lilikuwa limeisha.

Kiprono aliinamisha kichwa. "Sawa, baba," akasema. Alikuwa na heshima mpaka inakera.

Sasa ikabidi nitafute peleti bora, na sijui zinauzwa wapi. Mtu mwingine angeuliza. Mimi niliona nikiuliza hapa karibu watu watajua sijui, kwa hivyo nikapanda gari mpaka Kaplong, ambako hawanijui sana. Nikazunguka sokoni. Nikaona duka kubwa linauza kila kitu, misumari, makaa, mitungi ya gesi, mbolea, dawa ya kupe. Na pale mlangoni, kwa karai kubwa, nikaziona. Vidonge virefu kidogo, vya rangi ya kahawia, vinang'aa kuliko vya Kiprono.

Nikachukua kimoja. Nikakivunja, kikalia tap. Nikanusa, harufu tamu. Nikatia mdomoni nikatafuna. Walahi kilikuwa kitamu! Kina sukari kwa mbali, kina chumvi kidogo, kina uzito. Nikajiambia, hii sasa ndiyo bodi. Huu mti ulikua mahali pazuri.

Mwenye duka, mtu wa makamo, akanikaribia. "Chamgei, mzee. Hiyo ni ya—"

Nikainua kidole. "Usiniambie! Usiniambie ni ya nini. Nataka ulimi uniambie."

Akarudi nyuma hatua moja. Alinitazama nikitafuna cha pili, cha tatu.

"Lete maji kwa kikombe," nikamwambia. Akaleta. Nikaweka kidonge. Tukakitazama sisi wawili. Kilizama, kikakaa. Kikavimba kidogo lakini hakikufumuka. Nilifurahi mpaka nikampiga bega.

"Mzee, naona unajua vitu," akasema. "Wengi hununua tu bila kuonja."

Ona sasa! Na huyo naye akaniongezea kiburi. Wakulima wa huku ni kawaida kulamba kitu kabla hawajakinunua, kwa hivyo hakuona ajabu. Akanifungia gunia la kilo hamsini na nikarudi nalo nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi ikafika. Baridi ilikuwa kali na mvua ilikuwa imeshaanza. Wageni walikuja wanane. Mjomba wake Kiprono, mzee mmoja wa maneno machache, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Mama Kiprono alikuwa na lesho mbili na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha. Kwa upande wetu nilikuwa nimemwita mdogo wangu, Onyango, na wazee wawili wa kanisa. Jikoni kulikuwa na kuku, chapati, kila kitu. Achieng alikuwa amevaa nguo ya kijani aliyoshona kwa siku hiyo. Kabla sijaingia akanishika mkono mlangoni.

"Baba, tafadhali," akasema. "Leo tu."

"Usijali," nikamwambia. Nilisema usijali!

Wageni walipoketi, nilisimama kabla hata ya maombi. Nikawaeleza kuhusu mti mgumu. Nikawaeleza kuhusu ulimi wangu na miaka ishirini na miwili. Nikasema kijana wao ni mzuri lakini mbao zake ni dhaifu, na leo wataona tofauti. Mjomba akamwangalia Kiprono, na Kiprono akaangalia viatu vyake. Nikajaza jiko peleti zangu mpaka juu, nikawasha, nikafungulia ile feni.

Dakika za kwanza zilikuwa njema. Harufu tamu ikatoka, kama mahindi yakichomwa. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Mmh." Nikatabasamu.

Halafu ile harufu ikageuka. Ikawa sufuria ya sukari imesahaulika motoni. Peleti hazikuwa zinashika moto vizuri, zilikuwa zinayeyuka! Zikashikana zikawa donge moja jeusi, likatokwa na povu, likaziba ile feni, na moshi ukakataa kwenda kwa bomba. Ukarudi ndani kwa wageni. Moshi wa manjano. Watu wakaanza kukohoa.

"Ni kawaida," nikasema. "Mti mgumu huanza hivyo."

"Ni mti gani, mzee?" mjomba akauliza, kitambaa kwa pua.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo swali. "Unaota juu," nikasema. "Juu kabisa."

"Juu wapi?"

"Kwa mlima."

Hapo ndipo ng'ombe alipoingia. Sitanii. Jirani yetu ana ng'ombe mmoja wa madoadoa ambaye hajawahi kuheshimu ua wa mtu. Lile gunia nilikuwa nimeliacha wazi pale verandani, watu walione wakiingia. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa sababu ya moshi, na wote tukamwona. Kichwa chote kilikuwa ndani ya gunia. Anakula kwa bidii, anapumua kwa nguvu, mate yanashuka.

Onyango akasema, "Mkubwa, ng'ombe anakula kuni zako."

Hakuna aliyecheka bado. Mama Kiprono akasimama polepole na lesho zake, akaenda mpaka verandani, akasukuma kichwa cha ng'ombe kando, akachota peleti kwa kiganja. Akanusa. Akavunja moja. Akarudi ndani nayo.

"Baba Achieng," akasema kwa sauti ya chini, maana ni mama mwenye heshima, "hii mimi nawapea ng'ombe wangu wakati wa kukamua. Asubuhi na jioni."

Pale ningekuwa na akili ningepiga magoti, tungecheka wote, kuku angeliwa. Mpaka hapo mambo yalikuwa bado yanaweza kurekebishwa! Lakini wewe unajua nilifanya nini? Nilichukua peleti kwa kiganja cha mama wa watu, nikatia mdomoni, nikatafuna mbele ya wakwe zangu, nikazungusha, nikatema kwa kikombe cha chai. Nikasema:

"Mama, kwa heshima, huyo ng'ombe ana njaa tu. Mimi nimeonja chai miaka ishirini na miwili. Hii ni mbao!"

"Baba Achieng, inatosha!"

Ilikuwa ni mke wangu. Alikuwa ameshikilia ukuta anakohoa, machozi yanamtoka, sijui ya moshi au yake mwenyewe. Akasema mbele ya watu wote:

"Inatosha. Wewe uliosha vikombe. Miaka hiyo yote uliosha vikombe. Hujawahi kuonja kitu, na sasa unataka kutuua na chakula cha ng'ombe!"

Ulisikika tu mdomo wa yule ng'ombe aliyerudi kwa gunia.

Nilimtafuta Achieng na macho. Alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na sinia ya chapati. Hakulia wala hakunitukana. Alisema tu, polepole, "Niliwaambia watu wa Kiprono wewe ni mwonjaji. Niliwaambia mimi. Sasa hata mimi nimekuwa mwongo kwao." Akaweka sinia chini, akatoka nje kwa mvua na ile nguo yake ya kijani.

Aliyemshika Mama Achieng akampeleka nje apate hewa ni Kiprono. Aliyefunga mikono na magunia akabeba lile jiko lote nje likiwa linatoa moshi ni Kiprono. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe.

Wageni waliondoka bila kugusa chakula. Mzazi yeyote wa huku anajua maana yake. Mjomba aliniaga kwa mkono, kwa heshima zote, akasema, "Mzee, sisi hatuna haraka. Siku ukijua unachojua na usichojua, tuma neno." Wakaenda na kibuyu chao cha mursik hakijafunguliwa. Koito ikavunjika hivyo.

Achieng alienda kukaa kwa shangazi yake Kericho mjini. Miezi saba hakunipigia simu. Anapiga ya mama yake, nami nakaa pale karibu nikijifanya natengeneza redio, nisikie sauti tu. Kifua cha mke wangu kilisumbua wiki nyingi, nikampeleka hospitali mara mbili. Na kijijini, wacha tu! Watu walianza kuniletea chakula cha kuku kwa vijiko. "Mzee, tuonjee, hii ni mti gani?" Yule wa bodaboda alidai eti tangu mwanzo alijua oili yake haikuwa imechoka.

Hayo ya kuchekwa niliyazoea. Lakini kuna siku nilisikia Achieng akimwambia mama yake kwa simu, "Kiprono anasema tungoje tu. Lakini mama, tutangoja mpaka lini?" Hiyo ndiyo iliniamsha. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kuwa na matumaini.

Asubuhi yake nikavaa koti, nikaenda Kipkelion peke yangu. Niliwakuta Kiprono na mama yake nje ya banda la mashine, wanaanika maranda kwa turubai. Njia nzima nilikuwa nimepanga hotuba. Nilipofika ikapotea yote.

Nikasema, "Mama, niliosha vikombe."

Mama Kiprono akanitazama. "Vilikuwa vinatakata?"

"Sana. Hakuna mwonjaji aliwahi kurudisha kikombe changu."

"Sasa hiyo haikuwa kazi?" akaniuliza. "Kwani ulikuwa unaona aibu ya nini?"

Nimetafuta hilo jibu mpaka leo. Nililia pale kwa turubai, mzee mzima, na Kiprono akajifanya anaangalia mashine ili asinione.

Halafu nikamwomba anifundishe. Alinifundisha tena yote, kung'aa, kuvunja, unga wa chini, harufu, maji. Hakunikumbusha hata mara moja kwamba alishawahi kuniambia. Nilimuuliza maswali mpaka jua likapanda, na kila swali nililouliza lilinipunguzia mzigo kidogo.

Koito ilirudiwa. Ilifanyika, namshukuru Mungu, na harusi ikafanyika. Lakini Achieng alituma mama yake aniambie ombi moja: Baba Mdogo Onyango ndiye awe msemaji, na yeye ndiye amsindikize kanisani. Nilikubali. Ningesemaje? Nilikaa kiti cha tatu kutoka mbele, nikamwona mtoto wangu wa pekee akipita ameshika mkono wa mdogo wangu. Aliniangalia, akaangalia mbele. Hiyo sekunde ndiyo bei ya ulimi wangu, na bado inaniuma.

Sasa lile jiko liko pale sebuleni. Kiprono alilisafisha akalirudisha. Linawaka peleti zake, hakuna moshi, na jivu la siku nzima linaingia kwa kikombe kimoja. Mama Achieng analala hakohoi.

Mwezi uliopita simu yangu ililia. Yangu, si ya mama yake. Ilikuwa Achieng.

"Baba," akasema, "Kiprono amebadilisha mti. Lile gunia jipya alilowaletea likoje? Ni zuri kuliko la kwanza?"

Nilifungua mdomo. Nakuambia maneno yote yalikuja pale kwa ulimi, bodi, nguvu, na mengine ambayo hata sikuwahi kuyatumia. Nikayameza.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Mimi si mtaalamu. Lakini mama yako amevua sweta."

Nikasikia anavuta pumzi, akasema, "Asante, baba." Akakata. Na sikutaka aongeze.

Wewe unayesoma, najua uko na kaneno kako kadogo ambako watu walikumalizia na ukawaacha. Usiniambie huna! Labda ni cheo, labda ni cheti, labda ni ile kazi ya Nairobi. Nenda ukakarekebishe leo, kabla hakajakua. Na ukiletewa kitu usichokijua, peleti, mbegu, hata ushauri wa ndoa ya mtu, sema sijui. Kusema sijui kunauma siku moja tu. Sema mapema, ndugu yangu, mtoto wako akiwa bado anataka kukusikia.